Difu Niliyoifunga Kichwa Chini

Kuna aibu ambazo ukizihadithia watu wanacheka, na wewe unacheka, mnaagiza chai nyingine na maisha yanaendelea. Hii yangu huanza hivyo hivyo. Watu wakisikia habari ya gari lililokuwa likivutana lenyewe kwa lenyewe kwenye matope wanashika mbavu, halafu tukifika katikati wananyamaza na kuniangalia kama mtu aliyetapika kanisani. Kwa hivyo chekeni mapema, maana baadaye mtakosa nafasi.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa makanika pale Bondeni, Nakuru, na si makanika tu, makanika wa kujisikia. Nilikuwa nimetoka mikononi mwa Bwana Singh, aliyenifundisha kazi tangu kushika spana, nikafungua gereji yangu mwenyewe (gereji ni neno kubwa, ilikuwa uwanja, shimo la kuingilia chini ya gari na bati mbili za kuzuia jua), na kwa sababu wateja walikuwa wanakuja, kichwa kilikuwa kimevimba. Mtu akileta gari simwachi amalize kueleza. Namwambia, "Nimeshajua, wacha ufunguo uende zako." Mara nyingi kweli nilikuwa nimejua, na hiyo ndiyo iliyoniharibu.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Kariuki, alikuwa anaishi huko juu Sachangwan, kwenye shamba ambalo yeye na wenzake walinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mzungu aliuza shamba, akauza ng'ombe, na mwisho akauza gari lake la familia, refu, la milango mitano, la fowili. Kwa yule asiyejua magari niseme hivi: gari la namna ile siku zote linasukumwa na magurudumu ya nyuma, yale ya mbele yanafuata tu kama wageni, lakini njia ikiharibika unavuta liva fupi iliyo kando ya gia, na ya mbele nayo yanaingia kazini, yote manne yanavuta pamoja. Hiyo ndiyo fowili. Huko juu mvua ikinyesha, bila fowili unalala njiani. Mzee alilipenda lile gari kupita kiasi. Lilibeba maziwa, likabeba pareto, likabeba kwaya, likabeba kina mama wa kujifungua, na Jumamosi alikuwa analiosha mwenyewe, hataki mtoto yeyote aguse kitambaa.

Basi siku moja shemeji yangu Gitau, kifungua mimba wa mzee, akaniletea gari. Ati ukivuta liva ya fowili, chini mbele panalia kama mtu anatafuna changarawe. Nikalala chini, nikafungua oili ya difu ya mbele (difu ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, lenye meno ndani ya kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), na oili ikatoka na vipande vya meno. Nikamwambia Gitau, hapa hakuna kurekebisha, ni kutafuta difu nyingine. Nikatafuta Nakuru yote nikakosa, mpaka nikasikia kuna gari kama lile limekufa kwenye shamba la ngano huko Njoro, limeota nyasi mpaka dirishani. Kwenda, kubembeleza mwenye shamba, kufungua, kubeba, yote ilichukua majuma, na muda huo wote gari la mzee lilikuwa uwanjani kwangu tumbo wazi.

Na muda huo huo mzee akaugua. Wakamleta hospitali Nakuru kwa basi, akalazwa, na mama mkwe akarudi shambani kuangalia mifugo, kwa sababu hakuna mwingine wa kuangalia.

Difu nikaifunga siku moja mchana kukiwa na jua kali, nikiwa na haraka ya kwenda kumuona mgonjwa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Difu ya gari lile inashikwa na nati zilizopangwa duara, na duara halina juu wala chini. Unaweza kuiingiza inavyotakiwa, unaweza kuiingiza kichwa chini, na kote itakaa, nati zitashika, shafti itafika, gasketi itafunika. Ukiiweka kichwa chini tofauti ni moja tu: magurudumu yake yatazunguka kinyume. Mimi niliiinua ikiwa nzito, jasho machoni, nikaiweka vile mkono ulivyonipa.

Jioni Bwana Singh akapita kunisalimia. Akazunguka gari, akapiga tairi teke kidogo kama kawaida yake, akaniuliza, "Umetest fowili?"

"Bado, lakini iko sawa."

"Iko sawa kwa macho ama iko sawa kwa liva?"

"Bwana Singh, hapa Nakuru kote ni vumbi, nitatest kwa matope gani? Hiyo ni kazi ya huko juu."

Akainua mabega. "Haya, bwana. Gari ni lako."

Ningevuta liva pale pale na kuachilia kilachi kidogo tu, gari lingenipigia kelele na ningecheka peke yangu, nikafungua nati, nikageuza difu, mambo yakaisha. Lakini unamwonyeshaje mwalimu wako kwamba huna uhakika? Sikuvuta.

Juma lile lile Mzee Kariuki akafariki. Tulilia, sitaki kuzungumza sana juu ya hilo. Alikuwa baba kwangu kuliko baba aliyenizaa.

Kwenye mipango ya mazishi Gitau akasema ameongea na mtu wa trekta, trekta itangoja pale kona tunapoacha lami, ivute jeneza kwa trela mpaka nyumbani, kwa sababu huko juu mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Mimi nikasimama. (Nani aliniambia nisimame? Hakuna.) Nikasema mbele ya watu wote, "Mzee wetu apandishwe mlima kwa trela ya mbolea, na gari lake liko? Mzee atakwenda nyumbani kwa gari lake. Nimelitengeneza kwa mikono hii, fowili iko kama siku lilipotoka kiwandani."

Watu wakanung'unika kwa kupendezwa. Mama mkwe, ambaye alikuwa amejifunika leso na tangu asubuhi hajasema kitu, akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Baba Njeri. Angependa hivyo." Njeri ni mtoto wangu wa kwanza, hivyo ndivyo alivyokuwa ananiita. Na niwaambie, kwetu mama mkwe unamheshimu mpaka inakuwa kazi: humkazii macho, hukai naye bega kwa bega, na jambo la kumtia aibu, hata kama umeliona mwenyewe, unalimeza na kulinywea maji. Kusikia asante kutoka kwake mbele za watu, nilijiona nimeota mabawa. Gitau akatuma mtu kumwambia mwenye trekta aende shughuli zake.

Tukatoka mochari asubuhi, jeneza nyuma, mama mkwe na mke wangu Wambui wameketi kando yake kwenye kibenchi, Gitau mbele na mimi. Lami yote gari lilipanda kama limetiwa mafuta miguuni. Bila shaka lilipanda, magurudumu ya nyuma yalikuwa mazima, na yale ya mbele yalikuwa yanafuata tu! Mimi nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi, na njiani nilikuwa ninamweleza Gitau jinsi difu inavyofungwa. Namweleza! Yeye anatikisa kichwa tu, amefiwa na babake, na mimi nampa somo la difu.

Tukaacha lami. Barabara ya shamba ilikuwa uji. Pale mwanzo tulipenya kwa kuteleza teleza, nikasema moyoni, sina haja ya fowili, nitaiweka akiba kwa mlima. Mlima wenyewe uko chini kidogo ya boma la mzee, na pale juu watu wote walikuwa wamesimama wakingoja: majirani, wazee waliogawana shamba na marehemu, kwaya ya kina mama wa kanisa na vitambaa vyeupe kichwani. Walipoliona gari wakaanza wimbo na kuteremka kutulaki. Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakazama.

Mimi wala sikushtuka. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye gari lake, "Tulieni hapo hapo! Sasa muone kazi ya fowili." Nikavuta liva, nikaweka gia, nikakanyaga mafuta na kuachilia kilachi.

Ngai! Gari liliruka kama punda aliyepigwa pembeni. Nyuma matope yalirushwa nyuma, mbele yakarushwa mbele, kwaya yote ikala udongo, vitambaa vyeupe vikawa vya kahawia, mchungaji akapangusa Biblia kwa tai. Na gari halikwenda mbele wala nyuma, lilikaa pale pale likijichimbia, linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikafanya nini? Nikaongeza mafuta. (Mjinga akizidiwa huongeza mafuta.) Jeneza likateleza likagonga magoti ya mama mkwe, nikamsikia akiguna kwa maumivu, na hata hapo sikukoma, nikajaribu tena, na tena, mpaka mtu mmoja kutoka kwa kwaya akapiga mayowe.

"Angalieni magurudumu! Ya mbele yanarudi! Yanarudi nyuma!"

Nikazima injini. Wimbo ulikuwa umekwisha. Watu walikuwa wameyaona kwa macho yao, ya nyuma yanasukuma kwenda nyumbani, ya mbele yanakataa, na ndani kuna maiti. Hapo akajitokeza Mzee Ndirangu, mdogo wake marehemu, mtu wa maneno machache na kofia ya manyoya, akaweka mkono wake kwenye boneti.

"Amekataa," akasema. "Kariuki amekataa kuingia kwake. Ana neno na mtu."

Siwadanganyi, hata mimi niliamini kwa muda kidogo. Halafu nikashuka, nikalala kwenye matope na suti yangu ya harusi, nikaingia chini. Sikuhitaji kugusa kitu. Nilipoiona tu ile difu imening'inia pale, mikono ilikumbuka yenyewe jinsi ilivyoiinua na kuiweka. Nilifunga macho. Nilitamani gari likae tu juu yangu tuzikwe pamoja na mzee siku moja, gharama moja.

Na nikiwa chini pale, naona viatu tu, nikasikia maneno yakibadilika. Gitau akasema basi turudi lamini tuzunguke kwa barabara ya juu, Mzee Ndirangu akakataa katakata, maiti akishaanza kwenda kwake hageuzwi njiani, kumgeuza ni kumfukuza. Kisha sauti ya mwanamke, laini kabisa, "Mama Gitau, ikiwa kuna kitu, si useme tu? Sisi ni watu wako." Na nyingine, "Watu wote walimwona hospitali isipokuwa mkewe." Na nyingine, "Eeh, hata mimi nilijiuliza." Viatu vikaanza kusogea upande mmoja, kuelekea mlango wa nyuma, mahali alipokuwa ameketi mama mkwe wangu.

Nikatoka kwa kutambaa, udongo mpaka kwenye meno, nikapiga kelele. "Ni mimi! Jamani, ni mimi! Difu nimeifunga kichwa chini, ndiyo maana ya mbele yanazunguka kinyume! Mzee hana neno na mtu!"

Mnajua walifanya nini? Walinihurumia. Mama mmoja akasema, "Maskini, anamsitiri mkwewe." Mwingine akasema, "Huyo ndiye mkwe." Nikamgeukia Gitau, nikamshika koti, "Gitau, wewe nilikueleza njiani vile difu inakaa," naye akanitazama na macho mekundu akaniuliza, "Si wewe uliyesema iko kama siku ilipotoka kiwandani?" Mzee Ndirangu akanishika bega kwa upole, upole ambao mpaka leo unaniwasha, akasema, "Ni vizuri mtu kumstahi mama mkwe. Ulilelewa. Lakini haya ni ya boma, kaa kando."

Hebu fikirieni. Ile heshima niliyofundishwa tangu utotoni, ya kumfunika mama mkwe, ndiyo iliyofanya ukweli wangu uonekane adabu tu. Ningekuwa mtu baki, labda wangeniamini.

Nikawaza haraka. Nikajiambia maneno hawataki, wacha waone kwa macho: nitarudisha liva, gari liwe la magurudumu mawili ya nyuma, vijana waweke mawe na matawi ya mti wa krismasi, tusukume, litapanda, na likipanda kila mtu ataelewa kwamba shida ilikuwa liva. Akili hiyo! Nikawapanga vijana, nikaingia ndani, nikarudisha liva, nikawasha injini nikingoja matawi yapangwe. Wambui akafungua mlango wa nyuma, nikadhani anataka kupunguza uzito.

Lakini aliyeshuka alikuwa mamake. Alishuka polepole, goti limeumia, akashikilia mlango, na akapiga magoti yote mawili kwenye uji ule, mbele ya jeneza na mbele ya watu wote wa shamba. Nilimwona kwenye kioo. Mlango ulikuwa wazi na sauti yake ilinifikia vizuri.

"Baba Gitau," akasema, "ikiwa ni ile siku, nisamehe. Uliponitumia neno asubuhi kwa mtu wa basi, ukasema nije, nilisikia. Sikumwambia mtu. Yule ng'ombe wako mwekundu alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Nikasema nimalize naye, nitatembea mpaka lamini nipate basi la jioni. Nilijua ukipona utaniuliza kwanza habari ya ng'ombe. Sikujua unaaga, kwamba jioni sitakukuta. Nisamehe, baba, ingia kwako."

Hakuna aliyekuwa anajua hilo. Hakuna. Mke wangu hakujua, Gitau hakujua. Lilikuwa jambo lake na marehemu na Mungu wao, angeweza kwenda nalo kaburini bila mtu kumdai, na nilikuwa nimelivuta hadharani kwa difu. Na mnaona gari lilikuwa wapi asubuhi ile alipoitwa? Uwanjani kwangu Bondeni, tumbo wazi, likingoja mimi nimalize mbwembwe zangu. Kama si hivyo angemaliza na ng'ombe akaletwa mjini mara moja, bila kungoja basi la jioni.

Nilitaka kuzima injini. Nilijua likipanda sasa hivi itakuwa nini. Nilinyoosha mkono kwenye ufunguo, naapa, lakini wakati ule ule Gitau akalia kwa sauti, "Sukumeni!" na vijana wote wakatia mabega, wawili wakilizuia jeneza, gari likachomoka shimoni na kuanza kurudi kidogo kumwelekea mama aliyekuwa amepiga magoti nyuma, Wambui akaruka chini akamvuta kando akipiga ukelele, na mimi ilibidi nikanyage mafuta lisije likawaponda. Likashika matawi. Likapanda. Lilipanda kama liko kwenye lami ya mjini, bila hata kuteleza, mpaka mlangoni mwa boma.

Nyuma yangu mlima mzima ulilipuka. "Amekubali! Amekubali!" Kina mama wakapiga vigelegele na machozi yakiwatoka, mchungaji akainua mikono, na Mzee Ndirangu akavua kofia. Mtu mmoja akaanzisha tena wimbo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, liva iko pale imelala, hakuna mtu anayeiangalia.

Tulimzika. Kaburi lilikuwa na maji, wakayateka kwa debe. Nilimwomba mchungaji dakika niseme neno, akanipigapiga mgongo akaniambia mambo yamekwisha vizuri, tusiyafukue. Mama mkwe alisimama kando ya kaburi, sketi imeganda udongo magotini, na nafasi iliyokuwa kati yake na kina mama wenzake mtu mzima angeweza kulala. Waliomkumbatia walimkumbatia haraka. Wakati wa chakula nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Kweli wewe ungechagua ng'ombe?" na mwenzake akajibu, "Mimi? Woi! Hata angekuwa wa dhahabu."

Jina likamkaa. Aliyechagua Ng'ombe. Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maziwa. Hawakumtukana usoni, walimwacha tu kidogo kidogo. Kikundi chake cha kina mama kilianza kukutana nyumbani kwa mtu mwingine, na yule ng'ombe mwekundu akamuuza pamoja na ndama wake, kwa mtu wa mbali.

Wambui alikaa muda bila kunisemesha isipokuwa habari ya chumvi na mafuta ya taa. Halafu siku moja akaniambia, "Hiyo difu, kama ni kweli ulivyosema, si uende uwaonyeshe? Wewe si fundi?" Nikaona ni haki. Nikapanda Sachangwan Jumapili baada ya kanisa, nikamwomba Gitau aite watu, hasa Mzee Ndirangu, na nikaliinua gari la mzee kwa jeki pale uani, nikaliweka juu ya magogo, magurudumu yote manne hewani. Difu sikuwa nimeigusa. Mama mkwe aliona watu wamekuja, na kwa sababu ni mtu wa watu akateleka chai.

Nikawasha injini, nikavuta liva. Ya nyuma yakazunguka mbele, ya mbele yakazunguka nyuma, wazi kabisa, mchana, hakuna maiti, hakuna mvua. Watu wakaguna. Nikazima, nikaingia chini, nikafungua nati zote mbele yao, nikaitoa difu na kuwaonyesha jinsi inavyokaa hivi na inavyokaa vile, nikaigeuza, nikaifunga. Ilichukua mchana wote na hakuna aliyeondoka. Nikawasha tena, nikavuta liva, na magurudumu yote manne yakazunguka upande mmoja kama watu waliopatana. Nikasimama na oili mpaka kwenye viwiko, nikasema, "Mmeona? Ilikuwa mkono wangu. Mama hakuwa na kosa. Mzee hakukataa kitu. Ni mimi sikutest."

Nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni na birika, na uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Niliuona, nikafurahi moyoni kama mtoto.

Mzee Ndirangu akalizunguka gari polepole, akainama akaitazama difu kwa muda mrefu. Akanyooka, akatikisa kichwa kwa mshangao mkubwa.

"Kumbe," akasema, "Kariuki alipitia kwa mkono wako."

Na watu wakaitikia. "Eeh." "Ndiyo." "Fundi mzima, asikosee siku zote, akosee hiyo moja?" Wakawa wanatazamana na kukubaliana kwa vichwa, mmoja akasema huo ulikuwa ushuhuda mkubwa kuliko hata ule wa mlimani. Mama mkwe aliweka birika chini kwenye kizingiti, taratibu, isimwagike, akaingia ndani akafunga mlango.

Ndiyo hivyo. Siku hizi gari haliondoki kwangu kabla sijavuta kila liva na kukanyaga kila kitu mbele ya mwenyewe, na nikiulizwa kama liko sawa nasema twende tukaone, sijipigi kifua tena kwa chuma chochote, na mtu akiniita fundi hodari natazama pembeni. Wateja wanaona ni unyenyekevu, wananisifu kwa hilo pia. Mama mkwe yuko hai, amezeeka. Kila Jumapili anatembea kwenda kanisani kwa miguu, hata mvua ikinyesha, na gari la familia likimpita likasimama kumpa nafasi, anawaambia asante, endeleeni tu, mimi nitafika.